Pete Kubwa ya Mlango Wetu

Hoteli iliyo mbele ya stesheni,
Tanja.
Jumamosi, 18 Aprili 2009.

Mpendwa dada yangu Zhor,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Magoti yako yanaendeleaje? Binti yako Btissam aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi ukipanda darini kuanika nguo hupumzika katikati ya ngazi, na hutaki mtu akushike mkono. Nilicheka, maana ndivyo alivyokuwa mama. Na mchungwa wa uani bado unazaa? Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kule Lyon kimetulia.

Utashangaa kuona stempu ya nchi yetu kwenye bahasha. Kaa chini, dada, ndipo uendelee kusoma.

Nilikuja na wastaafu wa mtaa wangu wa Lyon, kwa basi na meli, katika safari ya kutembezwa mijini. Kila Ramadhani nimekuahidi kwamba mwaka huu naja, na kila mwaka umenitandikia chumba cha juu. Kadiri ahadi zilivyozidi ndivyo aibu ilivyoongezeka, hata nikashindwa kuja peke yangu kama mtoto wa nyumbani. Nikaona nikijificha katikati ya wageni, angalau nitapita.

Jumanne tulikuwa Fes. Niliingia kwa lango la Bab Bou Jeloud nimevaa kofia ya jua, na kifuani kibandiko kilichoandikwa Henri, kwani ndivyo jirani zangu wanavyoniita. Aliyetutembeza ni mwanamke mchangamfu, Ghizlane, ambaye bila shaka unamjua. Alinieleza kwa upole kwamba chai yetu hutiwa nananaa. Nilimshukuru.

Kwenye mteremko mchunga nyumbu alipiga kelele za kuombea njia, nami nikachelewa kujibanza ukutani. "Pisha, babu mgeni!" akasema kwa Kiarabu chetu. "Nyumbu huyu hakusoma, haelewi Kifaransa!" Wenye maduka wakaangua kicheko. Nilielewa kila neno, nikatabasamu kama asiyeelewa.

Hayo ni madogo. Pale kwenye mabirika ya kulowekea ngozi, alipokuwa akifanya kazi baba, tuligawiwa vijiti vya nananaa tujizibie harufu, nami nikakiweka changu puani. Harufu ile ya ngozi ndiyo baba aliyokuwa akirudi nayo kila jioni, na sisi tukigombania kumkumbatia.

Kisha Ghizlane akakata kushoto, akaingia kichochoro chetu, akasimama mbele ya mlango wetu.

"Tazameni pete hizi mbili," akasema. "Kubwa hugongwa na mgeni, ndogo hugongwa na mtu wa nyumbani. Aliye ndani anajua kwa mlio tu kama ajitande au ashuke hivyo hivyo. Bwana Henri, hebu jaribu."

Mkono wangu ulikwenda kwenye pete kubwa. Lakini uligonga mara mbili, ukatulia, ukagonga mara moja, kama baba alivyogonga akitoka kazini. Sikuupangia hivyo.

"Nani?" Sauti yako ilitoka juu, kali vilevile.

"Ni mimi, Lalla!" Ghizlane akakuitikia kwa heshima. " Mimi na wageni wangu!"

"Ghizlane wee, utaumaliza mlango wangu! Waambie wakagonge ya mama zao!"

Nikasikia kandambili zako zikishuka ngazi chache, zikasimama. "Lakini huyo aliyegonga ni nani?"

Wote wakanitazama. Nikasema kwa Kifaransa, "Mtalii tu."

"Ni mtalii tu, Lalla," Ghizlane akakufikishia.

"Haya. Mungu amfikishe kwao salama."

Kandambili zikapanda tena. Katikati ya ngazi zilipumzika. Nilisubiri hadi zilipoendelea, na kundi likaniita kwa jina lisilo langu.

Dada, nimejitetea kwa kila namna. Kwamba nilikuwa mikono mitupu, na haingii mtu nyumbani baada ya miaka yote hiyo bila zawadi ya sukari. Kwamba wenzangu walikuwa na kamera. Ukweli ni kwamba uliniuliza, nami nikajikana, na ukaniombea dua bila kujua kwamba kwetu ni hatua moja mbele yangu.

Wenzangu walipanda meli jana. Mimi nimebaki. Nimenunua bonge la sukari, lile refu lililochongoka, katika karatasi yake ya buluu. Liko mezani ninapoandika. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua: ungeuliza swali, nami ningekata.

Nitakuja Ijumaa baada ya sala. Barua hii itangulie, ili usishtuke, na ili uwe na nafasi ya kukataa. Usipofungua, nitaiacha sukari kizingitini na sitakulaumu.

Nisalimie Btissam na wanawe. Nisalimie pia Ba Allal wa tanuri la mkate, kama bado yuko hai, na umwambie nakumbuka alivyotuunguzia mikate ya Idi. Mungu akulinde, ayape nguvu magoti yako, na awarehemu wazazi wetu waliotuachia mlango ule.

Ijumaa nitagonga pete ndogo. Ukiuliza ni nani, nitajibu mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye, japo hakustahili dua yako,
Abdelhaq