Sale Sitamletea Ansbert

Magomeni, Dar es Salaam
12 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka tu dirishani? Mimi mzima, ila joto la Bongo linatunyanyasa.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nisikanyage nyumbani Krismasi hii bila jani la sale mkononi, nimwombe kaka Ansbert msamaha kwa kuacha duka lake. Nakuheshimu, Baba, lakini hilo sifanyi. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba sale hubebwa na aliyekosa, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mimi kwa Ansbert sijakosa.

Miaka minne nimemuuzia vyombo Kariakoo, toka kufungua hadi kufunga. Vikombe vilivyopasuka alikuwa anatupa. Nikawa naviokota, napandia ule mmea mdogo wa majani manene, unaogeuka pinki ukipata jua. Mwanzoni nilikuwa mjinga, naumwagilia kila siku kama mchicha, ukaoza. Likabaki jani moja tu. Nikalilaza juu ya mchanga mkavu, nikaliacha. Wiki ya tatu likatoa vimizizi vyembamba kama uzi. Nililia, Baba, kwa jani!

Mwaka huu vilifika vikombe arobaini, nimevipanga kwenye ngazi ya nyuma ya duka. Wateja wakawa wanaviulizia kabla ya sufuria. Ansbert akanuna, akasema duka si shamba. Jumatatu moja nikavikuta vyote kwenye pipa la taka, na wala hakuficha kwamba ni yeye. Nikaokota nilichoweza, nikamwachia funguo zake. Sasa nauza miche yangu hapa barazani kwa Bi Mgeni, mama mwenye nyumba, na dukani sirudi ng'o. Aseme anavyotaka.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Lile kopo la maua la mama, lililopotea siku tulipomzika, ukamtuhumu shangazi Candida mbele ya watu hadi leo hamsalimiani, nililichukua mimi. Nilikuwa nimetoka kumwona mama akifukiwa, nikaogopa na mmea wake utakufa kwa kukosa mtu. Shangazi alilia akijitetea, na mimi nimekaa kimya, kopo liko ndani ya begi langu. Jani lile moja lililobaki lilikuwa la mama. Vikombe vyote arobaini vimetokana nalo. Nisamehe, Baba.

Kwa hiyo Krismasi nakuja, unifukuze usinifukuze. Nitakata sale palepale kwenye uzio wetu, nimpite Ansbert, niende kumpigia magoti shangazi Candida. Na wewe, Baba, kata la kwako twende wote.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Ukiweza, anza na shangazi.

Ni mimi binti yako,
Joyceline