Lenzi ya Kuvuta Mbali

Baba Kibonge, mume wangu,

Sisi huku wazima. Kibonge ameota jino la pili, sasa anang'ata hata kanda za viatu. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia.

Kazi ya picha naendelea nayo. Juzi harusini nilisogea karibu sana, maana lenzi yetu haivuti mbali, na Kibonge kutoka mgongoni akalivuta shela la bibi harusi likatoka. Mama wa bibi harusi akanijia juu: "We dada, umekuja kupiga picha au kuolewa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila harusi ya mdogo wa huyo bibi harusi wamempa mpiga picha mwingine.

Sasa mzee wa studio anaacha kazi, anauza lenzi yake ndefu. Imechubuka nje, lakini kioo ni safi. Aliniazima niijaribu. Kwenye harusi nyingine nilisimama mlangoni mwa ukumbi, Kibonge kalala, nikapata hadi machozi ya bwana harusi. Imetumika, lakini bado ni ghali. "Binti, nakusubiri wewe kwanza," ameniambia.

Pesa niliyonayo ni ile nauli ya kutuleta kwako. Kila nikiishika nakuuliza moyoni, tuje au tusije? Mume wangu, sijui kama bado unatungoja.

Kesho nakwenda kuinunua lenzi. Usidhani nimekata tamaa. Kazi ikichanganya nitaweka nauli nyingine, ila hiyo nitakutumia wewe, ya kurudi nyumbani.

Wako anayekuwaza,
Mama Kibonge