Picha Safi ya Kichwa cha Rama

Jumapili, 6 Septemba

Nimefua sare. Nimempa kaka Rama kidonge cha asubuhi na kusubiri ameze. Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana, kabla ya mfungo, nilimsikia akibishana na redio iliyozimwa. Alikuwa anaiomba iache kumtukana. Nikafunga mlango wa chumba chake ili Mama asisikie. Nikanyamaza muhula mzima. Niliona aibu, sikuona huruma.

Jana yeye na Mama wamerudi na treni kutoka Dar. Wamekuja na bahasha ya picha ya CT ya ubongo. Daktari kasema ni skizofrenia, aendelee na dawa.

Jumanne, 8 Septemba

Bahasha imezunguka nusu ya mtaa wetu wa Buzebazeba. Kila jirani anaitoa picha, anaielekeza juani, anatikisa kichwa kama anayejua. Leo Baba mdogo amesomewa karatasi ya majibu: hakuna kasoro iliyoonekana. Akacheka.

"Mashine ya Dar imesema kichwa kizima. Sasa vidonge vya nini?"

Kuhusu ugonjwa, yeye jibu analo. Mwaka huu wakimbizi wa Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga, kule mpakani, Rama alikwenda kubeba wagonjwa kuwaingiza kwenye boti. Wengine walimfia mikononi. Baba mdogo anasema wafu hao wamemfuata. Jumamosi wakubwa watakaa kikao. Anataka dawa ziachwe, Rama apelekwe kwa mganga.

Mama aliikunja karatasi akairudisha kwenye bahasha. Mimi sikumtetea Rama. Nimejichukia.

Jumatano, 9 Septemba

Maktaba ya shule ina kitabu kimoja cha tiba, jalada limeng'oka. Kimeandika kuwa kwenye picha za wagonjwa wa skizofrenia, vyumba vya maji ndani ya ubongo huonekana vimepanuka kidogo, na tabaka la nje limepungua kidogo. Nimerudi nyumbani mbio. Nimeitazama picha ya Rama mpaka macho yakauma. Sikuona lolote kati ya hayo.

Nimelia chooni. Labda Baba mdogo yuko sahihi.

Alhamisi, 10 Septemba

Mama Divine amepanga chumba nyumba ya jirani. Kwao Bujumbura alikuwa anapiga picha za eksirei hospitalini. Hapa anaanika dagaa ufukweni Katonga, na hapendi kuulizwa ya nyuma. Baada ya shule nilimfuata vichanjani na bahasha. Kwa woga nilimwamkia shikamoo mara mbili.

Alinawa mikono kwanza. Akaishika picha pembeni kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. Akaitazama muda mrefu. Sijawahi kumwona ametulia vile.

"Hapa hamna uvimbe, hamna damu. Hivyo ndivyo vitu walivyokuwa wanavitafuta. Ugonjwa wa kaka yako hausomwi hapa, mwanangu. Daktari anausoma kwa kuongea naye na kumwangalia."

Nikamwambia ya kitabu.

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, "ndiyo, kitabu ni cha kweli."

Akachota dagaa kwenye kichanja chake, akachota wengine kwenye kichanja cha mwenzake. Mafungu mawili. Fungu lake, ukilitazama lote, lilikuwa na dagaa wadogo zaidi kidogo. Akachomoa mmoja.

"Huyu katoka wapi?"

Sikujua. Wadogo walikuwemo kwenye mafungu yote mawili, na wakubwa pia.

"Basi. Wataalamu wamelinganisha vichwa vingi na vichwa vingi, wakaona tofauti. Kichwa kimoja hakikwambii."

Amenipa mafungu yote mawili, kila moja na mfuko wake.

Ijumaa, 11 Septemba

Kwenye kikao sisi wasichana tunapeleka chai na kutoka. Kesho sitatoka. Lakini nikianza kusema, itabidi nitoe na la redio, maana redio ilitangulia Kagunga. Mama atajua nilifunga mlango. Nitasema.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimesema.

Niliweka chai, nikamwaga dagaa mafungu mawili kwenye sinia mbele ya Baba mdogo. Nikamwomba ayatazame vizuri, kisha ageuke.

"Huyu mtoto leo anamfundisha dagaa mwenye dagaa," mjomba akasema. Wakacheka wote. Baba mdogo anauza dagaa tangu sijazaliwa.

Kila mara nikachomoa mmoja, nikamwonyesha na kumwuliza katoka fungu lipi. Wa kwanza alikosea. Wa pili akapata. Wa tatu akakosea, na kicheko kikamgeukia yeye. Hapo nikaeleza. Kwamba picha safi haisemi Rama mzima. Inasema tu hana uvimbe wala damu kichwani.

"Na wafu wa Kagunga?" akauliza.

Nikasimulia ya redio. Mwaka jana, kabla hajabeba mtu yeyote. Nikasema nilifunga mlango. Mama alikishika kikombe bila kunywa. Sikuweza kumtazama.

Rama alikuwa ameketi karibu na mlango. Hatukudhani anasikiliza.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Nilisubiri urudi."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alirudisha dagaa kwenye mifuko, mmoja mmoja, bila kujali nani wa wapi. Mwishowe akasema dawa ziendelee mpaka kliniki ijayo, na dua atasomewa hapahapa nyumbani. Kwa mganga haendi.

Jumapili, 13 Septemba

Asubuhi Mama alinisuka nywele, taratibu kuliko siku zote.

Nilipika uji. Nilimpa Rama kidonge, akameza. Nikaketi naye mpaka akamaliza bakuli. Nikairudisha picha kwenye bahasha na bahasha juu ya kabati. Kisha nikaenda Katonga kumrudishia Mama Divine mifuko yake, tukageuza dagaa mpaka adhuhuri. Niliporudi Rama alikuwa amelala. Nimekaa na madaftari yangu ukumbini. Mlango wake nimeuacha wazi.