Kijiko cha Asali

Baba Kulwa,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Mama yetu mpe shikamoo yangu. Doto mwambie pacha wake anamuulizia kila siku. Shemeji Masanja na mkewe wasalimie, na kale kadogo kao nako.

Tumefikia Isevya kwa dada, ila leo nimeharibu. Yule daktari tuliyemfuata huku ni mama mtu mzima, na tangu usichana anachunguza jambo moja tu: chakula kinavyosukumwa kutoka kooni hadi tumboni, na kwa nini kwa wengine kama Kulwa wetu kinakwama kifuani. Aliniagiza mtoto asitie kitu mdomoni kabla ya kipimo. Asubuhi akalia njaa, nikamlambisha kijiko cha asali. Si unajua kwetu asali ni dawa, siyo chakula?

Basi daktari kashika mpira wa kupitisha puani, ananiuliza, "Hajala kitu?" Nikasema hajala. Mpira ulipomgusa pua mtoto, nikapiga kelele, "Kalamba asali!"

Akauweka chini. "Mama, ingeweza kumwingia mapafuni. Miaka yote hii ninayemwogopa ni mzazi anayenyamaza. Wewe umesema. Mrudishe Jumatatu."

Najua ulisema asipopimwa wiki hii tumrudishe kwa mganga. Kosa ni langu, mtoto hana. Gauni la binti wa dada, wa miaka mitano, linamtosha Kulwa wa miaka tisa kwa alivyokonda. Tuache mpaka Jumatatu, mume wangu. Kadi hii anakuletea konda wa basi la Sikonge. Mpe jibu hapohapo, anageuza leo leo.

Mama Kulwa