Neema Hapandi Basi

Mbezi Luis,
Dar es Salaam.
Jumatatu asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta barazani, miwani ikiwa puani, na goti halikusumbui sana na baridi ya huko Mbinga. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Neema anakula vizuri na amerefuka mpaka gauni la kipaimara limegeuka blauzi. Joto ni lile lile la kutuchemsha. Dagaa wa Nyasa uliotutumia tuliwapata, na tumewamaliza bila aibu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi ulisema ya kwako, nikafungua mdomo, ukakata. Barua huwezi kuikata, Mama. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza. Tena isome mwenyewe, usimpe Baba Mdogo, maana yeye akisoma anaongeza chumvi.

Umesema nimpandishe Neema basi wiki hii, aje umlee wewe kwa kuwa mimi nimeshindwa. Jibu langu naliweka hapa mwanzoni ili usihangaike kulitafuta: Neema hapandi basi. Sasa kaa vizuri nikueleze, kwa sababu wifi yako, Shangazi Matilda, amekusimulia nusu tu, na hiyo nusu ameipika kwa moto mkali.

Kazi yangu unaijua. Asubuhi nauza chapati karibu na stendi, na mwisho wa wiki, mchana, natafsiri filamu kwenye banda la video la Mzee Said, yule mwenye duka la jumla. Filamu inakuja na lugha yake, mimi nakaa pembeni na maikrofoni nawaambia watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Wanawake wa kazi hii tunahesabika kwa vidole. Na banda lina sheria moja: mtafsiri hanyamazi. Hata watu wa kwenye filamu wakikaa kimya, wewe sema chochote, tia utani, tia majungu, kwa sababu banda likiwa kimya wateja wanadhani spika imekufa na wanaanza kupiga miluzi. Pale ambapo filamu haina maneno, mtafsiri anatia ya kwake. Hilo shika, ndilo lililotufikisha hapa.

Jumamosi ile nilileta katuni. Mzee Said alinitazama kama nimemletea mbuzi dukani.

"Katuni? Mie nina watu wazima humu, Anjela. Wanataka ngumi."

"Weka, Mzee. Wakikimbia, banda nitalifagia mie mpaka Krismasi."

Akaweka huku anaguna. Wanawake wa sokoni nilikuwa nimewaambia mapema, wakaja na kujaza mabenchi ya mbele. Neema alikaa katikati yao.

Filamu yenyewe ni hii. Kuna kijiji cha milimani, na ingawa ni cha kuchorwa, ile miteremko nilidhani ni ya kwetu. Huko msichana akivunja ungo, kila anapokanyaga panaota majani na maua. Hawezi kujificha, alikopita kote kunaonekana. Kwa hiyo wakubwa wa kijiji wanamvalisha kila msichana viatu vya mawe, na anavivaa mpaka kufa. Sasa yuko mmoja anakataa. Anaruka, anakimbia, anaotesha maua hadi kwenye paa la mzee wa kijiji. Mama yake anamfuata nyuma na jembe, anapalilia nyayo za mwanawe kabla majirani hawajaziona, huku anaburuta viatu vyake mwenyewe. Mwisho mama anachoka. Anapiga magoti mbele ya binti yake na viatu vya mawe mkononi, na pale waliotengeneza filamu hawakuweka hata neno moja. Ni uso wa yule mama tu, kwa muda mrefu.

Banda lote likanigeukia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni wewe.

"Usiimbe njiani. Usicheke kwa sauti. Tembea kama hukupita."

Unayakumbuka maneno hayo, Mama? Uliniambia mwaka ule nilipovunja ungo, uliponihamisha kutoka barabarani ukanipitisha nyuma ya mibuni kila nilipokwenda kuchota maji. Niliyasema kwa sauti yako, kwa lafudhi yetu ya Kimatengo, vilevile unavyovuta mwisho wa neno. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni kumchukua Neema kwenda mazoezi ya kwaya. Akaisikia sauti yako ikitoka kwenye spika, akaona nakudhihaki mbele ya halaiki, akaondoka bila Neema.

Sikukudhihaki, wala hakuna aliyecheka. Muuza mihogo mmoja, mwanamke mwenye mdomo ambao hata mgambo wanauogopa, alishika kichwa akasema, "Hata mie niliambiwaga hivyo hivyo, jamani!" Na jirani yake akaitikia, "Nani hakuambiwa?" Mzee Said akaacha kuguna.

Sasa habari ya vigae. Ni kweli. Siku chache baadaye mvua ilikuwa imenyesha, Neema akafika kwa Shangazi kule Kimara, akavua viatu getini kama inavyotakiwa, kisha akakanyaga tope kwa makusudi na kukatiza sebule nzima juu ya vigae vyeupe. Shangazi akampa tambara. Neema akamjibu, "Sifuti, Bibi. Nimepita hapa."

Nilipofika nilimsimamia mpaka vigae vikang'aa, na akaomba radhi kwa tope. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Lakini kwa lile neno sikumwombea radhi, na sitamwombea. Mama, nililipenda. Nilikwenda uani nikalicheka peke yangu.

Shangazi hakuridhika. Akalipeleka kwenye jumuiya, kwamba nafundisha watoto uchawi, eti wasichana wanaota majani. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, mtu mpole, akasema, "Sista Anjela, ili hii ishu iishe, tuombe radhi tu tusonge mbele." Nikasimama nikawaambia nitaomba radhi siku nitakayoambiwa kosa. Walikaa kimya, na mimi siku hiyo sikuwajazia.

Nataka unielewe, Mama. Sina kinyongo na wewe. Najua ulikuwa unanikinga, na najua ni macho ya watu uliyokuwa unanikinga nayo. Ila kuna jambo Bibi, mama yako, aliniambia kabla hajatutoka. Aliniambia kwamba ulipokuwa msichana, wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza ngoma ya kioda, na ukiimba, wanawake wa ng'ambo ya mto wanaacha majembe wanavuka kuja kuitikia. Kisha ukaolewa, na Babu, baba yake Baba, akasema mke wa nyumba yake haimbii watu. Mimi nimekua nawe miaka yote na sijawahi kukusikia ukiimba, hata kanisani unachezesha midomo tu. Nilidhani huna sauti. Hii ninayoshikia maikrofoni nimeitoa wapi basi? Kwa Baba? Apumzike kwa amani, lakini Baba aliimba kama anaita ng'ombe. Ni ya kwako. Wamekuvalisha viatu vya mawe na wewe ukanivalisha mimi, na nimevivua njiani nikija huku, kwa shida. Neema havivai.

Ukimchukua utampalilia. Utampalilia kwa upendo, utampa maziwa na ndizi na blanketi zito, lakini utampalilia. Ndiyo maana nasema hapana, na ukipiga simu nitasema hapana, na ukimtuma Baba Mdogo nitampikia ashibe vizuri kisha nitamwambia hapana.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie hayo si matusi. Msalimie shemeji yangu, mke wa kaka, ninamshukuru kwa kukuangalia goti. Msalimie katekista, na yule mama jirani wa kisimani aliyenifundisha kupika chapati, mwambie mkono wake unalisha stendi nzima.

La mwisho, Mama. Mwishoni mwa ile katuni binti anakimbilia mlimani, na mama yake anabaki peke yake uwanjani. Anaketi chini. Anaanza kuvua viatu vyake vya mawe, kimoja, halafu cha pili, na anautazama mguu wake mtupu kabla hajaushusha ardhini. Na pale tena hakuna neno. Banda likanigeukia kama kawaida. Nikatafuta kauli yako ya kuweka, nikakosa, kwa sababu hujawahi kunipa. Za kuvalia viatu ninazo zote. Ya kuvulia sina hata moja.

Basi nikanyamaza. Vijana wa nyuma wakaanza miluzi, Mzee Said akakimbilia kwenye spika. Neema akasimama kwenye benchi akawageukia: "Tulieni nyie! Spika nzima!"

Wanawake wa sokoni wameiomba filamu tena, na mwisho wa mwezi tunaiweka. Kama kuna wa kupanda basi, panda wewe. Linaishia hapa hapa Mbezi, mimi na Neema tutakuwa tumesimama mlangoni mwake. Kisha uje bandani ukae pembeni yangu, na yule mama akifika kwenye kile kiatu cha pili, nitakupa maikrofoni.

Usipokuja, sitapajaza. Wapige miluzi mpaka wachoke.

Mwanao ninayepita nikionekana,
Anjela, Mama Neema