Mchanga Nyuma ya Kilima

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini.

Uliniambia nisije kumwona Baba mpaka uwanja wa gofu ufunguliwe, eti mwenyewe amesema nisiiache kazi njiani. Basi nimeimaliza. Umefunguliwa Jumamosi, na kwa kuwa wewe hujawahi kushika fimbo ya gofu, acha nikueleze nilichokuwa nachora muda wote huu.

Watu wanadhani uwanja mgumu ndio unaokera. Wapi! Mchezaji akiliona bwawa, akaamua kulivuka, mpira ukazama, atajilaani, atacheka, na kesho asubuhi yuko palepale. Alijua. Asiyetaka makuu nimemwachia njia pana pembeni, ndefu kidogo, afike taratibu. Bibi mmoja mstaafu alipita huko Jumamosi huku akiimba.

Shimo la saba ndilo lililoniponza. Mwenye uwanja alitaka mchanga wa kunasa mipira uwekwe nyuma ya kilima, mahali ambapo mpigaji haoni. Nilibisha weee, akaniambia mimi ni mchoraji tu, mwenye mali ni yeye. Nikachora. Basi daktari mmoja wa meno, mtu mpole, akapiga pigo zuri kuliko yote ya siku ile. Tukampigia makofi. Akapanda kilima anatabasamu, akaukuta mpira umefukiwa mchangani. Hakutukana. Aliniuliza tu kwa nini tulikuwa tunapiga makofi ilhali tunajua. Akarudisha fimbo mkobani, akaondoka. Mwenye uwanja akasema mtu mzima hasusi. Mimi nilibaki nimesimama, sioni uchungu wala haya, mkavu tu.

Kaka, najua Baba amefariki. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Jirani yetu, yule fundi cherehani, alinipigia kunipa pole wiki ile tunapanda nyasi, akidhani nimeshaambiwa. Akasifia hata kaburi, jinsi mlivyolijengea. Nikamshukuru, nikarudi kuwaonyesha vibarua mahali pa kupanda. Jioni ukapiga wewe, ukaniambia Baba anakunywa uji vizuri. Nikasema afadhali.

Tangu siku hiyo sijalia. Najua mlikaa mkaona nisivurugwe, na najua ni kwa kunipenda. Lakini ningekuja, Kaka. Ningewaachia nyasi zao zikauke, nikaja kumzika baba yangu. Hilo lilikuwa langu kuamua. Nadhani nimekukasirikia, ila hata hasira yenyewe siisikii vizuri, kama jino lililopigwa ganzi.

Nitafika Alhamisi na basi la mchana. Njoo unipokee peke yako. Usinibebee begi kwanza, wala usiniulize habari za safari. Niambie Baba amekufa, palepale stendi, hata watu wakitutazama. Nataka nilisikie neno hilo kutoka kinywani mwako, labda nitaweza kulia.

Shemeji mwambie asihangaike kupika, na watoto wabusu wote kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo