Vidonge Ulivyokuwa Ukimtumia Mama

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba ule mgongo wako umeacha kudeka. Mimi sijambo, ila usingizi umenipa talaka. Wanangu wazima, wanakula kama wanalipwa.

Mama amelazwa. Usishtuke, anaongea, na jana alimgombeza muuguzi kwa kutandika shuka ovyo. Lakini homa haijamwachia. Ni ule ugonjwa wake wa njia ya mkojo, safari hii umepanda hadi kwenye figo. Daktari alimpa vidonge, wapi, akabadilisha, wapi. Ndipo mkojo ukapelekwa maabara.

Mpimaji aliniita akanionyesha kisahani walimooteshea vijidudu vya Mama, juu yake wameweka vipande vidogo vya dawa mbalimbali. Alinieleza kwamba dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni yake, vijidudu haviisogelei. Ile unayotuma wewe vilikuwa vimeizunguka mpaka ukingoni, raha mustarehe. Imebaki dawa moja tu ya sindano, nayo daktari ana wasiwasi kama figo zitaistahimili.

Kaka, sijui nikuambieje. Vidonge vyako Mama alikuwa akivitunza kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mkojo ukichoma anameza viwili vitatu, ukitulia anavirudisha, eti mwanawe amehangaika kuvitafuta, asivimalize ovyo. Mpimaji anasema hivyo ndivyo vijidudu dhaifu hufa, vikabaki vile sugu na kuzaana. Mimi nilimwona, nikawa namtania kwamba ni bahili. Inaniuma mno.

Haya yote Mama hayajui. Nilitaka kumwambia, nikaishia kumtengenezea mto. Jana alinishika mkono akaniomba nikuandikie utume vingine haraka, kwa kuwa hivi vya hospitali havina maana, vya mwanawe ndivyo vinavyomponya. Alikusifia hata kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nikaahidi nitaandika, na nimeandika. Usitume, kaka. Njoo wewe, na uje mapema.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu, na amesisitiza nisisahau kukuambia kwamba anakushukuru kwa dawa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba